Uso wa Matonya

Yotham alisimama uani akiupa mlango mgongo. Nyuma yake, juu ya kizingiti cha nyumba ya tembe, picha ya baba yake ilisubiri kutazamwa na mtu mwingine.

Hakupata kumwona baba huyo. Matonya alifia safarini akibeba mizigo ya Wajerumani, mwanawe akiwa bado tumboni. Kilichosalia ni picha hii ya wanafunzi wa kwanza wa misheni, wavulana wenye vipara na kanzu nyeupe, wamefanana kama punje za suke moja. Mchungaji aliyemwazima angeondoka nayo kwa gari moshi la alasiri. Na aliyemjua Matonya tangu utoto alibaki mmoja tu, Anyesi, mama wa mkewe Loisi. Lakini mkwe wa Kigogo haonani uso kwa uso na mama mkwe, wala hasemi naye ila kwa kumtuma mtu.

Tangu asubuhi Loisi alikuwa mguu ndani, mguu nje.

"Mama anasema wa pili kutoka kulia."

"Kulia kwao au kwetu?"

Loisi aliinamisha macho. "Au labda yule wa nyuma."

"Labda? Mume wako anatafuta baba, wewe unampa labda!"

"Loisi!" Anyesi alifoka kutoka ndani. "Mimi sikusema hivyo. Weka picha mlangoni, mkwe ageuke. Nitamwekea punje ya mtama."

Sasa Yotham alisikia shanga zikigongana, pumzi ya mtu mzima akiinama, kisha nyayo zikirudi ndani. Tangu utoto alikuwa akimvika baba yake nyuso za kuazima, leo ya mjomba, kesho ya mzee fulani kanisani, na hakuna iliyomkaa.

"Geuka," Loisi alinong'ona.

Punje ilikaa juu ya mvulana ambaye macho ya Yotham yalimruka kila mara. Kanzu ilionekana, mikono ilionekana; penye uso palikuwa na ukungu. Wenzake walitulia kama walivyoamriwa. Yeye alitikisika.

Yotham alipiga magoti, akaiondoa punje, akaifuta picha kwa ncha ya shuka, polepole, kana kwamba ni vumbi.

"Ulijua," alimwambia mkewe.

"Nilishindwa kukuambia."

Sauti ya Anyesi ikapenya ukutani. "Mzungu aliyepiga picha alikataza mtu kutikisika. Mimi nikapita na mtungi, nikateleza, maji yote yakanimwagikia. Wenzake walijikaza. Baba yako akacheka."

Mbali, upande wa stesheni, gari moshi lilipiga filimbi. Loisi alinyoosha mkono apewe picha. Yotham hakuitoa.

"Alichekaje, mama?" aliuliza, kwa mara ya kwanza bila kumtuma mtu.

Ndani, mwanamke mzee akaanza kucheka kicheko kisicho chake, chembamba, cha kukwamakwama, cha mvulana. Na Yotham akaegemeza sikio kwenye udongo wa ukuta.