Kiasi cha Siku Ile, Reti ya Leo

Shemeji yangu Munguti hapendi pesa, anapenda bei ya pesa. Kila asubuhi kabla ya chai anafungua simu kuona shilingi yetu imeamkaje mbele ya shilingi ya Tanzania, na ikiwa imeamka vibaya, yeye ndiye wa kwanza kutangaza Kisaju nzima. Ungemsikia ungedhani anavusha ng'ombe Namanga kila wiki. Hana hata kuku.

Siku tuliyoketi kupanga mahari ya binti yangu Kalekye, yeye ndiye aliyeshika mazungumzo. Mume wangu Mbuvi, ndugu yake, alikuwa amefariki, na kwetu Wakamba kaka wa marehemu ndiye hukalia kiti hicho. Kijana mwenyewe, Koinet, ni Mmaasai wa Longido, upande wa Tanzania, fundi wa umeme wa jua. Alikutana na Kalekye Namanga, ambako binti yangu anafanya kazi kwenye ofisi ya mizigo. Ananisalimia shikamoo kwa heshima mpaka nasahau jibu lake.

Hiyo ilikuwa Januari 2024. Wenye biashara mpakani wanakumbuka hali ilivyokuwa. Miaka miwili nyuma shilingi yetu moja ilikuwa inaleta karibu ishirini za Tanzania, na sasa ilikuwa imeanguka hadi kumi na sita hivi. Tulikubaliana laki moja na nusu za Kenya. Kabla chai haijamiminwa, Munguti akainua mkono.

"Tuseme kwa pesa ya Tanzania," akasema. "Milioni mbili na laki nne. Hii yetu inaenda chini tu. Kufika mwisho wa mwaka itakuwa kumi."

Hesabu yake ilikuwa wazi. Shilingi yetu ikizidi kuanguka, hizo milioni mbili na laki nne zingekuwa laki mbili na zaidi za Kenya mkononi mwake. Wageni walikubali kwa sababu Koinet analipwa kwa pesa ya kwao. Hatukuandika popote, lakini Munguti alikirudia kiasi hicho kwa sauti hadi watoto wa jirani wakakishika.

Shilingi nayo ikamkatalia. Kufika Pasaka ilikuwa imepanda, imerudi kule kwenye karibu ishirini, na ikatulia hapo. Koinet aliendelea kuweka akiba polepole, na Munguti akaendelea kununa.

Mwaka mmoja na nusu baadaye walikuja kumaliza. Harusi ilikuwa mwezi uliofuata, kanisa lilikuwa limeshatangaza, na gauni la Kalekye lilikuwa kwa fundi Kitengela. Koinet alikuja na baba yake mdogo, mzee Katoo, na bahasha yenye milioni mbili na laki nne. Upande wetu tulikuwa Munguti, mimi, na kaka yangu Muteti aliyetoka kwetu Mwala. Kwa kuwa Muteti ni mjomba tu, Munguti alikuwa amemwekea kiti cha nyuma, karibu na mlango.

Munguti hakuigusa bahasha. Alitoa simu.

"Hii leo ni laki moja na ishirini," akasema. "Sisi tuliongea laki na nusu. Mtoto wetu hawezi kushuka bei. Mtaongeza laki sita za kwenu, ama hakuna harusi."

"Mzee, wewe ndiye uliyechagua pesa ya kwetu," Koinet akasema kwa upole. "Ningekuwa nazo ningeongeza. Sina."

"Kiasi ni cha siku ile. Reti ni ya leo. Mimi niko na historia yote hapa kwa simu, sitadanganywa."

Mzee Katoo alicheka. "Kama tunachagua, basi na mimi nichague. Nilipokuwa mdogo nachunga ndama, shilingi yenu na yetu zilikuwa sawa, moja kwa moja. Kwa bei ya siku zile, mnatudai laki na nusu ya Tanzania. Tunaomba chenji."

Watu waliangua kicheko, isipokuwa Munguti, na isipokuwa Kalekye, aliyekuwa akichungulia kutoka nyuma ya pazia na sufuria mkononi, macho mekundu. Hapo damu ilinichemka. Mtoto wangu alikuwa anapimwa kama sukari ya dukani, na aliyeshika mizani ni mtu aliyekosea hesabu yake mwenyewe.

"Shemeji, hii ni tamaa," nikasema.

"Evalyne, haya ni mambo ya wanaume wa boma hii. Wewe enda upakue chakula."

Kwetu ndoa haianzi na pesa. Inaanza na mbuzi watatu wa ntheo, mbuzi wa kutembea kwa miguu yao, wanaopelekwa kwa kina msichana. Koinet alileta wake kabla ya jambo lingine lolote. Bila mbuzi hao, hata mzae watoto kumi, mwanamke huyo si mke wa ukoo wenu, na mahari ya binti zake ni ya kwao alikozaliwa. Mbuvi hakuwahi kupeleka wangu. Tulioana kanisani, akasema mbuzi watafuata mvua ikiwa nzuri. Mvua nzuri zikaja, zikaisha, akafa. Nilimpenda hivyo hivyo. Lakini ni jambo la aibu, kwa waumini wenzangu na kwa binti yangu, na nilijua nikilitoa mdomoni halitarudi. Munguti alijua pia. Alikuwa anategemea nitanyamaza.

Nilisimama. "Shemeji, mbuzi wangu wa ntheo mlipeleka Mwala lini?"

Munguti aliangalia simu yake. "Hayo ni mambo ya zamani."

"Si wewe ndio unapenda historia? Ya 2022 unajua, ya 2024 unajua. Tuambie ya Evalyne."

"Mbuvi alikuwa anajipanga."

"Hakupeleka. Sijaolewa na ukoo wenu, na watu wote wasikie. Kwa hivyo Kalekye haulizwi kwako. Mwenye kuulizwa ni huyo umeweka hapo kwa mlango."

Sikuketi. Nilingoja aibu ije. Ilikuja kidogo, kisha nikaona Kalekye ametoka nyuma ya pazia na amesimama kando yangu, na nikajisikia mwepesi.

Muteti alisogeza kiti chake mbele. Si mtu wa maneno mengi.

"Ulikubali ngapi?" akamwuliza Koinet.

"Milioni mbili na laki nne, mjomba."

"Na ndizo hizi?"

"Ndizo."

"Zinatosha. Harusi iko." Akaichukua bahasha bila kuifungua, akanipa mimi.

Munguti aliinuka, mishipa imemtoka shingoni. "Sasa wewe, kama hukuolewa, unajiita nani kwa boma ya ndugu yangu?"

"Mama Kalekye," nikamwambia. "Hiyo jina nililipa mimi mwenyewe, na sikuuliza reti."