Bi Moza Amehama

Nurdin alikuwa na kompyuta tano zisizo na mwili, na zote alizipa majina ya wanawake wa ukoo wake. Mashine pepe, ndivyo wataalamu wanavyoziita: kompyuta inayoishi ndani ya seva kama mpangaji anavyoishi chumba kimoja cha nyumba kubwa. Mkubwa wao alikuwa Bi Moza, aliyepewa jina la mama mzazi wa Nurdin, mwanzilishi wa duka. Mauzo yote ya vitenge yalipitia kwake. Bi Moza asipoamka, hakuna jora linalotoka pale Mtaa wa Mchikichi.

Fundi wa kuwatunza hao akina mama alikuwa Hyasinta, mzaliwa wa Masasi aliyekulia Ilala. Aliyakuta majina hayo, akayazoea, na siku hizi alizizungumzia mashine zake kama watu kabisa: huyu kachoka, yule kalala, huyu leo ana homa. Kampuni yenye ile nyumba kubwa ilipopandisha ada ya leseni mpaka Nurdin akashika kichwa, ni Hyasinta aliyemng'ang'ania wahamie jukwaa jingine, la bure. Aling'ang'ana hadi yeye mwenyewe akachoka kujisikia. Mwishowe Nurdin akakubali, lakini kwa shingo upande.

"Nakupa swala ya Ijumaa," alisema. "Sisi tunafunga duka, tunaenda msikitini, wewe unahamisha. Tunaanza na Bi Moza. Tukirudi nikute anafanya kazi. La sivyo, jioni hiyo hiyo nasaini tena na wale wa zamani, na wewe mwanangu urudi kwenye printa zako."

Printa! Hyasinta alikuwa ametengeneza printa za Kariakoo nzima, akapaka wino hadi kwenye gauni la kipaimara cha mdogo wake. Hakutaka kurudi huko hata kwa dawa.

Ijumaa ilipofika, duka likafungwa, wanaume wakaondoka na kanzu zao, na yeye akajifungia chumba cha seva. Alimzima Bi Moza, akaanza kumnakili kwenda jukwaa jipya, kisha akawaandikia wafanyakazi wote kwenye grupu la WhatsApp, kama mtu mwenye adabu ya kazi:

"Bi Moza amezimika salama. Tunamhamisha sasa hivi. Naomba tumuombee."

Maskini, lile neno la mwisho aliliandika kwa utani. Ila Rajabu alikuwa muuzaji mpya kabisa na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwenye duka lile kompyuta zina majina ya watu wazima. Aliusoma ujumbe akiwa anavua viatu mlangoni mwa msikiti. Akasema innalillahi, akautuma kwa kaka yake mwenye duka Mtaa wa Aggrey. Kaka naye hakukaa nao. Kariakoo mzigo unaweza kuchelewa bandarini, lakini habari ya msiba haijawahi kuchelewa popote.

Hyasinta hakujua lolote. Kunakili kulimalizika vizuri, akamwasha Bi Moza upande wa pili, akafumbata mikono. Kioo kikawa cheusi. Kisha maandishi meupe yakatokea: diski haionekani. Akazima, akawasha tena. Diski haionekani. Jasho likaanza kumtoka, na chumba chenyewe kina AC ya kugandisha samaki.

Hapo mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Bi Amira, muuza khanga wa duka la pili, kajifunga khanga kiunoni na kuitupia nyingine kichwani. Nyuma yake walisimama wanawake kama sita.

"Shikamoo, bibi," alisema Hyasinta, macho yakiwa bado kwenye kioo.

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Nani, Bi Moza? Yumo humu ndani. Nimemweka kwenye baridi."

Bi Amira akajishika kifua. "Ilikuwaje, mwanangu?"

"Alikuwa mzima tu, bibi. Nilimzima mwenyewe."

"Ulimzima mwenyewe?"

"Nurdin ndiye aliyeniruhusu. Tatizo sasa hataki kuamka. Lakini msihofu, nakala yake ninayo."

Mwanamke mmoja akaangua kilio, wengine wakampokea, na Bi Amira akakaa chini pale pale sakafuni. Hyasinta alidhani kina mama hawa wana mapenzi makubwa na kompyuta kuliko alivyowahi kufikiri. Alikuwa angali akishangaa hivyo Nurdin alipoingia mbio, kandambili moja yake na nyingine ya mtu asiyemjua, macho mekundu. Nje ya msikiti watu wote walimkumbatia na kumpa pole. Alikuwa amempigia mama yake, simu haikupokelewa.

"Hyasinta! Mama yangu kafanyaje?"

Ndipo kichwa cha Hyasinta kilipofunguka. Aliona khanga, aliona machozi, na kupitia mlango wazi akaona vijana wakifunga turubai mtaani na kupanga viti vya plastiki.

"Wa seva!" alipiga ukelele. "Bi Moza wa seva, jamani! Kompyuta!"

Hakuna aliyekuwa ameelewa bado, ila nje bajaji ikafunga breki na mtaa mzima ukanyamaza. Bi Moza mwenyewe, kutoka Ilala, alishuka taratibu na mkoba wake kwapani. Nurdin alimrukia kama mtoto aliyepotea sokoni. Alilia kwa sauti mbele ya wateja wake na hakuona haya hata kidogo.

"Nilikuwa naswali," alisema Bi Moza, akimpigapiga mwanawe mgongoni. "Nilipomaliza nikaikuta simu inalia, nikapokea. Mtu ananiuliza, marehemu anazikwa saa ngapi? Nikamwambia subiri, nami nikaulize."

Kicheko kilichotoka pale kilifika Mnazi Mmoja, nina hakika. Bi Amira alicheka huku bado analia, akimkumbatia rafiki yake na kumtukana kwa kumtia hofu. Ila Nurdin alipofuta machozi, ufanyabiashara wake ukamrudia.

"Haya, swala imekwisha. Hyasinta, hiyo kompyuta imeamka?"

"Bado."

"Basi mrudishe alikokuwa. Nina wateja. Ulipewa nafasi yako."

Hyasinta hakukwepa. Tatizo alikuwa ameshaliona: jukwaa jipya lina diski za aina nyingine, na Bi Moza alipaswa kuwekewa draiva yake, ile programu ya kuzitambua, kabla hajahama. Ni jambo la kwanza kabisa katika kazi ile, na kwa kiherehere chake alilisahau. "Kosa ni langu," alisema. "Naweza kumpa diski ya mtindo wa zamani, ataitambua. Ila ataanza kujikagua kwanza, na ukaguzi unachukua muda. Naomba muda tu."

"Muda sina."

"Unao," alisema Bi Moza. Alivuta kiti cha plastiki akakaa katikati ya mlango wa duka, mkoba mapajani. "Watu wamefunga maduka yao kwa ajili yangu, wewe unataka kuuza vitenge? Hapa hafungui mtu mpaka mwenzangu aamke. Amira, huo wali wa msiba mliokwisha kuuinjika, endeleeni nao."

Nurdin akavuta kiti naye, akakaa.

Hyasinta akabadili diski, akawasha. Ukaguzi ukaanza, asilimia zikipanda kwa uvivu wa kuudhi. Waombolezaji wote walijazana mlangoni na sahani zao, wakisoma namba kwa sauti, na kila zikisimama kidogo walisema, "Mwite jina lake!" Ukaguzi ulipofika mwisho kioo kikazimika, moyo wa Hyasinta ukazimika nacho, kisha ukurasa wa mauzo ukafunguka wote, na vigelegele vikapasua Mchikichi.

Nurdin alijaribu mwenyewe: akauza jora moja, risiti ikatoka. Kisha akatoa simu, akawapigia wale wa zamani mbele ya watu wote na kuwaambia hatasaini.

"Wamebaki wanne," alimwambia Hyasinta. "Wote ni wako."

Hyasinta alitaka kusema asante, kikatoka kilio. Aliinamia kaunta akalia kwa furaha mpaka mabega yakatikisika.

Wakati huo huo akaingia mama mmoja kutoka Kigamboni, aliyecheleweshwa na foleni ya pantoni. Aliangaza macho, akamwona msichana analia kuliko wote, akaenda moja kwa moja kumshika bega.

"Pole, mwanangu. Jikaze. Marehemu alikuwa nani wako?"

Hyasinta alijaribu kueleza, akashindwa kwa kucheka.

"Huyo ndiye aliyenihamisha," alijibu Bi Moza, akimsogezea mgeni kiti. "Kaa ule."