Hadi wa Mwisho Aguse Jiwe

Siku ya kwanza ya mazoezi, msichana Nyanchera alitapika uji wote kwenye kilima cha Nyamache, mbele ya watu kumi na wanne. Ilikuwa mwaka wa 1968, naye alidhani mtu anayebeba kikapu cha majani ya chai kila siku hawezi kushindwa na mbio.

"Umemaliza?" Sajini Makori alimuuliza. "Haya, panda."

Makori alimpigania mfalme wa Waingereza kule Burma, akarudishwa nyumbani na koti moja tu na mazoezi ya jeshi kichwani. Koti lilichakaa. Mazoezi aliyagawa bure kila alfajiri isipokuwa Sabato: kupanda kilima mbio mara kumi, kupumua dakika moja, kisha kuruka, kisha kuinua mawe. Sheria aliitoa kwenye egesangio, ule ushirika wa majirani wa kulimiana mashamba kwa zamu, ambapo hakuna anayetua jembe wakati mwenzake bado ana mstari. Kileleni palikuwa na jiwe. Ukiligusa, unashuka kumchukua wa mwisho.

Wa mwisho alikuwa Nyanchera. Miezi mitatu mizima watu wazima walimshukia, wakampandisha.

"Moiseke, we msichana, chai yangu inanyauka shambani nikikungoja!" Onchiri, mmoja wa majirani hao, alimpigia kelele.

"Nyauka nayo!" alijibu, akihema.

Lakini alipanda. Mwaka wa pili akawa wa katikati. Mwaka wa tatu yeye ndiye aliyeligusa jiwe kwanza, na yeye ndiye aliyeshuka kumchukua Esnah, mgeni wao mpya.

Mwaka wa 1971 kukawa na mchujo mjini Kisii, mizunguko miwili ya uwanja. Msichana mmoja tu angepelekwa Kisumu kwenye mashindano ya mkoa. Nyanchera aliitaka nafasi hiyo hata usingizini, maana watu wa kilima kile walikuwa hawajawahi kuandikwa kwenye karatasi ya timu. Kila mwaka waliandikwa watoto wa wenye ofisi, na watu wakaambiwa wapige makofi.

Alikata uzi hatua ishirini mbele ya wa pili, binti wa karani mmoja. Kisha miguu ikafanya ilichozoea: ikageuka. Akarudi uwanjani, akamkuta Esnah wa mwisho kabisa, akakimbia naye bega kwa bega.

"Panda, mdogo wangu, panda!" alimhimiza, na uwanja wenyewe ni tambarare. Watu wakaangua kicheko.

Refa, bwana mwenye tai na soksi za kufika magotini, hakucheka. Alikata majina mawili kwa kalamu.

"Umemsaidia mshindani. Nje, wote wawili. Wa pili ndiye wa kwanza."

"Sheria hiyo imeandikwa wapi?" Makori alinguruma.

"Mzee, kaa chini."

"Nilikaa chini miaka yote ya mkoloni. Leo nasimama!"

"Sajini, niachie mimi," Nyanchera alisema. Akamgeukia refa. "Piga filimbi tena. Sasa hivi, sote tuliokimbia."

Refa alimtazama jasho linavyomtiririka, akaona huyu ataishiwa pumzi kabla ya kumaliza. Tena watu walikuwa wameanza kusogea kwenye kamba iliyozunguka uwanja.

"Pumzikeni dakika tano," alisema.

"Tano!" Onchiri alishika kiuno. "Sisi kwetu tunapewa moja!"

Binti wa karani alimaliza mzunguko mmoja, akaketi kwenye nyasi akishika tumbo. Nyanchera alipita kama anayekwenda kisimani. Kwake hii ilikuwa mara ya pili tu, na mwili wake ulizoea kumi. Akakata uzi peke yake.

Hapo akageuka tena. Safari hii aliruka kamba, akakimbia nje, sambamba na Esnah.

"Niko nje ya kamba, bwana refa!" alipaza sauti. "Wewe andika!"

Refa aliandika. Wale watu kumi na wanne wa kilima walimsimamia mgongoni, wakilisoma jina la Nyanchera herufi kwa herufi, na hakuna aliyeondoka hadi Esnah alipofika.