Chuma cha Vitumbua cha Bi Mwanamvua

Kabla hujatoa chombo cha zamani jikoni kwako, ukampa mtu au ukakitupa, uliza kwanza kilikuwa cha nani na kiliachiwa kazi gani. Shufaa hakuuliza. Wala si ajabu, maana nani hukaa akauliza ukoo wa chuma cha vitumbua? Lakini yaliyomkuta ni haya, na mwenye mtoto mdogo asome mpaka mwisho.

Shufaa alikuwa akipika vitumbua barazani kwake, Bagamoyo, uchochoro wa nyuma ya soko. Chuma alichopikia alikikuta kwa mama mkwe wake siku alipoolewa: cheusi, kizito, mashimo saba, ukingo umelika kwa mikono ya watu. Mama mkwe alikuwa na mtindo wake. Kitumbua cha kwanza kikiiva hakiuzi wala hakili yeye. Anamwita mtoto yeyote anayepita, leo huyu kesho yule, anampa. Mtoto anasema, "Mungu amrehemu mwenye chuma," anakwenda zake chuoni akilamba vidole. Mama mkwe alipofariki, Shufaa akaurithi mtindo pamoja na chuma, akidhani ni namna ya kufungulia biashara tu.

Kisha mumewe Salumu, aliyekuwa fundi wa matairi kule Chalinze, akamletea jiko la gesi na kikaango kipya, chepesi, kisichogandisha. Na siku hizi wazazi tumekuwa wakali. Mtoto akipewa kitu cha kula, mama yake anakuja juu kuuliza kuna nini ndani. Shufaa mwenyewe alikuwa hivyo hivyo kwa bintiye Lulu. Basi chuma kikaenda chini ya kitanda, na mtindo ukaishia hapo.

Ndipo akaja Ally. Ally ni kijana wa hapo hapo mjini, na ndiye aliyewekwa kusimamia chumba kipya cha makumbusho, ndani ya nyumba kuukuu ya mawe karibu na pwani. Alikuwa akizunguka mitaani kukusanya vyombo vya jikoni vya kina bibi: mbuzi za kukunia nazi, vifumbu vya kuchujia tui, kata, miiko, sufuria za shaba za kuchomea mkate wa kumimina, makaa juu na makaa chini.

"Hodi kwa mama vitumbua. Shikamoo."

"Marahaba, Ally. Leo unakula kwa fedha au kwa maneno?"

"Leo sili, naomba. Sina chuma cha vitumbua kule. Nina miiko mpaka inanitisha."

"Mtaandika jina langu?"

"Kwa herufi kubwa, dada Shufaa. Wazungu watalisoma vibaya, lakini litakuwepo."

"Chukua basi. Kila nikitafuta viatu kinanigonga kidole."

Siku ya kufungua chumba, Shufaa alivaa baibui jipya, akamchukua Lulu. Mtoto alikuwa na miaka sita. Chuma walikikuta kwenye kabati la kioo lenye kufuli, kimesuguliwa, taa ndogo inakimulika, na karatasi iliyoandikwa kwamba kimetolewa na Bi Shufaa Dadi. Shufaa akakipiga picha, akamtumia mumewe. Watu wakasogea kwenye sufuria za shaba. Lulu akabaki pale pale, paji la uso kwenye kioo.

"Twende, Lulu."

"Ngoja, mama. Bibi hajamaliza."

"Bibi gani?"

"Huyu anayegeuza. Kasema nisubiri cha kwanza."

Ndani ya kabati palikuwa na chuma, na taa, basi. Shufaa akacheka, akamvuta mkono. Mkono wa mtoto ulikuwa na mafuta mafuta, akaufuta kwa mtandio wake bila kufikiri.

Wiki ile ile Lulu akaanza mchezo mpya. Anakaa uani, anakoroga udongo, anaumimina kwenye vifuniko vya soda saba alivyovipanga duara. Cha kwanza anakiweka pembeni. Siku moja Shufaa anaanika nguo, akamsikia akisema kwa sauti ya mtu mzima anayeomba, "Mungu amrehemu Bi Mwanamvua binti Bwanaheri."

Jina hilo Shufaa hakuwahi kulisikia pale mtaani. Akaacha nguo kwenye beseni.

"Nani kakufundisha jina hilo?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Bibi. Hana mtoto wa kumwombea, ndiyo ananiomba mimi."

Baada ya hapo mtoto akaacha kula. Ukimwekea chai anasema ameshakunywa, ukimwekea wali anasema ameshashiba. Shufaa akiinama kumbusu, pumzi ya mtoto inanukia iliki na tui la nazi, na nazi hamna ndani ya nyumba. Lakini mbavu zikaanza kuhesabika. Huyo anayemlisha, basi, alikuwa anamlisha kitu kisichokaa mwilini.

Alimpeleka hospitali, wakampima damu, wakasema hana malaria wala minyoo. Alimpeleka kwa ustadhi, akasomewa, akatulia mpaka Alasiri. Salumu akasema kwenye simu, "Mtoto anakudekea, Shufaa. Mpe kichapo kidogo atakula." Shufaa akakata simu bila kuaga.

Kilichomtoa nyumbani ni cha asubuhi moja, anamsuka kwa ajili ya shule. Lulu amekaa kwenye kigoda mbele ya kioo, akasema, "Dada, unanivuta nywele."

"Dada nani? Mimi mama yako."

Mtoto akamtazama kupitia kioo. Hakuwa mkorofi. Alimtazama kwa huruma, kama mkubwa anavyomtazama mtu ambaye bado hajapewa habari ya msiba.

"Mama yupo kule kwenye kabati. Wewe ni dada unayenilea. Mama kasema nikushukuru."

Kitana kikabaki hewani.

Shufaa hakupika vitumbua siku hiyo. Alikwenda moja kwa moja makumbusho na kumkuta Ally kakaa nje, mgongo kaupa mlango.

"Afadhali umekuja, dada. Hiki chuma chako ulikuwa ukikikaangia nini? Kila jioni nakifuta, nafunga kufuli, ufunguo nalala nao. Asubuhi nakuta mashimo sita yamejaa mafuta, la saba kavu. Na chumba kinanuka kama Ramadhani."

"Wakubwa zako wanasemaje?"

"Wanasema ni joto la pwani."

"Na wewe?"

"Mimi nasema mshahara wangu ni wa kufuta vumbi. Haya mengine hayamo."

"Nirudishie, Ally."

"Kimeshapigwa namba, ni mali ya makumbusho. Lakini nenda kwa Bi Chausiku, Kaole. Mama yangu anasema yeye ndiye aliyekipikia kabla ya mama mkwe wako. Muulize kina nini, halafu usiniambie."

Bi Chausiku alikuwa chumbani kwake akitazama tamthilia ya Kituruki, sauti juu, miguu kaitia kwenye beseni la maji ya moto. Shufaa akaamkia, akaitikiwa marahaba, akaambiwa akae na asiongee mpaka mwanamume yule amalize kumdanganya mkewe. Shufaa akakaa, akaanza kulia kimya kimya. Bibi akamwona.

"Unamlilia huyu Mturuki?"

Shufaa akaeleza yote, mpaka lile neno la dada. Bi Chausiku akasikiliza huku macho yako kwenye televisheni.

"Chuma cha Mwanamvua kile. Mpika vitumbua kama wewe. Hakuzaa, na watu wakamcheka sana, nami nikiwa msichana nilicheka pia. Alikuwa akisema, nikifa nani ataniombea dua? Basi akakifanya chuma chake wakfu. Mwenye shida akichukue, apike, auze, shida yake ikiisha akipitishe kwa mwingine. Hadai kitu. Ila kitumbua cha kwanza ni cha mtoto, asiwe wako, naye amwombee. Kila siku mtoto mwingine."

"Kwa nini mwingine?"

Hapo Bi Chausiku akachukua rimoti, akaizima kabisa televisheni.

"Kwa sababu alikuwa na njaa ya mtoto, mwanangu. Ukimpa mia, anampapasa kila mmoja kichwa anampitisha. Ukimpa mmoja, atamshika. Sasa nyie mmemfungia kwenye kioo, hana hata wa kumtaja jina. Nani kasimama pale kwa muda?"

"Lulu."

"Basi kapata."

"Ustadhi anasema maiti harudi."

"Nami nasema harudi. Harudi aliyekwenda. Huyu tulimweka hapa wenyewe, kwa vitumbua vyetu."

Kesho yake asubuhi Shufaa alikuwa mlangoni makumbusho na ndoo ya unga wa mchele uliokwisha kuumuka, mkaa, mafuta, na Lulu kamfunga mgongoni kama mtoto mchanga, maana hakuwa na uzito tena. Alimwambia Ally afungue kabati. Ally akamtazama mtoto, akafungua.

"Nikifukuzwa utanilisha wewe."

"Vitumbua, kila siku."

Waliwasha mkaa uani. Chuma kilipata moto haraka kuliko kawaida yake. Shufaa akamimina mashimo yote saba, akageuza kwa kijiti, na cha kwanza kikaiva, kahawia pande zote, akakiweka kwenye sahani. Kwa bahati, wanafunzi wa shule moja ya msingi walikuwa wanaingia na mwalimu wao kutazama vyombo.

"Mwalimu, naomba mtoto mmoja ale hiki."

"Hapana, mama. Samahani. Wazazi wameshasema kwenye grupu, watoto wasile cha mtu."

"Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo," Shufaa akajibu.

Watoto wakasimama mbali wakinusa. Kitumbua kikaanza kupoa. Ndipo Lulu akainuka kutoka kwenye ngazi alipokuwa amelazwa, akatembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwenye sahani.

"Kama hawataki, bibi anasema nikile mimi, tumalize. Twende."

Shufaa akaifunika sahani kwa viganja vyote viwili. Alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba kile kikishaliwa na Lulu hatakuwa na mtoto wa kurudi naye nyumbani.

"Mimi sijanywa chai," akasema binti mmoja wa mwisho kwenye mstari. Alikuwa na miaka minane hivi, soksi zimemteremka. Mwalimu akaita, "Zuwena, wewe," lakini Zuwena alishafika, na Shufaa alishaondoa viganja.

"Sema kwanza, mwanangu. Mungu amrehemu Bi Mwanamvua binti Bwanaheri."

Zuwena akasema, mdomo umejaa.

Lulu akaketi chini pale pale, kama mtu aliyeachiwa mkono katikati ya kuvutwa. Kisha akalia, kilio cha kitoto, cha makamasi, akimwangalia Shufaa usoni.

"Mama. Bibi kanigeuzia mgongo."

Shufaa akamkumbatia, akamtia kitumbua cha pili kinywani, na mtoto akatafuna na kumeza na kutaka kingine. Ally akageuka ukutani akajifanya anakohoa.

Lakini akiwa kamkumbatia hivyo, Shufaa aliona juu ya bega la mtoto wake. Mwalimu alikuwa ameghairi matembezi, na wanafunzi walikuwa wakitoka getini wawili wawili, wameshikana mikono. Zuwena alikuwa wa mwisho, peke yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuka kidogo, vidole vimefumba, kama aliyeshikwa na mtu mrefu kuliko yeye. Alikuwa anatazama juu upande huo, anazungumza, anacheka.

Hakuna mwingine aliyeona. Na usidhani Shufaa alikimbilia kusema. Alisimama pale na mtoto wake mzima mikononi, na moyo ukamwambia, chukua wako, nenda zako, funga mlango. Mama yeyote anaujua moyo huo. Aliusikiliza mpaka geti likafungwa.

Kisha akakifunga chuma kwa khanga, moto wake unapenya mpaka kifuani.

"Dada, hicho ni cha kabatini," Ally akasema.

"Hakirudi kabatini."

"Nitawaambia nini?"

"Waambie kina kazi."

Alimfuata mwalimu, akaulizia kwao Zuwena, akatukanwa kidogo, akaelekezwa. Mama yake Zuwena alikuwa anaitwa Mwanamkasi, mshona nguo, mwanamke wa maneno makali. Alimsikiliza Shufaa mlangoni, sindano mdomoni, na alipofika kwenye kitumbua akaitoa sindano.

"Umempa nini mwanangu?"

"Nilichokuwa nacho mimi."

"Toka kwangu kabla sijaita watu."

Shufaa hakutoka. Alisema, "Leo atakwambia ameshiba. Usimlazimishe, mnuse tu pumzi." Mwanamkasi akageuka kumwita binti yake kutoka uani. Akamshika kidevu, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu. Alipoinuka akavuta kiti chake cha cherehani akakalia.

"Kesho alfajiri nahitaji mtoto mwingine," Shufaa akasema. "Na kesho kutwa mwingine. Peke yangu hawatanipa, wananiogopa. Wewe mtaa huu wanakujua."

"Mchele unao?"

"Wa leo tu."

Mwanamkasi akaingia ndani akatoka na mchele wake, wakauroweka pamoja.

Siku hizi wanapika wawili, baraza ya uchochoroni, kabla jua halijatoka. Zuwena anakula vizuri, na Lulu amenenepa. Jina la bibi yule hutajwa kila alfajiri, na kila siku na mtoto mwingine. Kwa hiyo mtoto wako akisimamishwa alfajiri na mwanamke mwenye kitumbua cha moto, akaambiwa amtaje mtu asiyemjua, usiende kugombana. Mwache ataje, ale, apite.

Ila siku ya pili mpitishe njia nyingine.