Kabla Jeneza la Jotham Halijafunikwa

Nyumba ina dirisha moja tu, na anayechungulia sharti afumbe jicho moja. Ukishindwa, nipe mji. Ni kamera, basi, na ya hadithi hii ilikuwa nyeusi, nzito kama mche mzima wa sabuni, na ilikuwa na wenyewe wawili.

Everlyne wa mtaa wa Tuwan, pale Kitale, aliinunua pamoja na Matthew, mwenye studio na miwani minene, miaka sita iliyopita. Matthew aliitumia Jumapili mpaka Alhamisi, makanisani na shuleni. Alhamisi jioni Everlyne aliichukua, akashuka nayo Bungoma kwenye mazishi, maana huko ndiko alikozaliwa na ndiko anakojulikana. Kamera haikupumzika. Everlyne naye, na miaka yake hamsini na sita, hakupumzika.

Ijumaa hii alikuwa na ule uchovu usiotoka kwa kulala. Miezi mitatu sasa, kila alipoweka jicho kwenye kamera aliona ukungu. Mwanzoni alilaumu lenzi. Akaipangusa kwa kitambaa laini, akapuliza vumbi, akatoa lenzi fupi akaweka ile ndefu. Ukungu uleule. Akabadilisha hata betri, ingawa alijua betri haina jicho. Kamera yenyewe ililia pii, sauti yake ya kusema nimeshaona, piga. Lakini yeye aliona watu waliovimba kingo kama mkate ulioloweshwa kwenye chai. Akaamua kamera inamdanganya. Ubavuni mwa lenzi kuna swichi ndogo: ukiiacha kwa A, kamera inatafuta fokasi, ule ukali wa picha, yenyewe, ukiisukuma kwa M, unatafuta wewe kwa mkono. Akaisukuma kwa M, akawa anazungusha pete ya lenzi akingoja picha itulie. Haikutulia. Kioo cha nyuma ni kidogo, na juani huoni kitu humo, basi alibonyeza kwa imani tu. Picha zikaanza kurudi. Familia moja ya Kiminini ilimrudishia albamu nzima. Waliiweka tu mezani wakaenda.

Hapo akajua, au alidhani amejua. Mama yake alikufa kipofu. Alianza hivihivi, akilalamika kwamba moshi umezidi jikoni, na jikoni moto haujawashwa. Daktari alisema ni presha ya macho, na wamechelewa kumleta. Everlyne hakwenda kwa daktari yeyote. Alimwambia binti yake, Judy, kwamba amechoka na safari, na kwamba baada ya mazishi ya Mzee Jotham atamwachia Matthew kamera moja kwa moja. Judy akauliza atashinda nyumbani akifanya nini.

Basi Ijumaa hiyo, kwa Mzee Jotham huko Bungoma, hema zilikuwa tatu, na watu walijaa mpaka kwenye shamba la jirani. Kwetu mtu hazikwi kabla ya picha. Jeneza linawekwa chini ya hema, uso uko wazi, halafu emsii, mwongoza shughuli, anaita makundi: watoto wa kiume, mabinti, wakwe, wajukuu, watu wa kanisa. Kila kundi linasimama nyuma ya jeneza, na picha hiyo ndiyo itakayotundikwa ukutani miaka na miaka. Mtoto ambaye hajazaliwa ataonyeshwa: huyu ndiye kuka, babu yako, na hawa ndio waliomsindikiza. Jeneza likishafunikwa halifunuliwi tena. Picha ikiharibika, imeharibika.

Wangila, emsii wa siku hiyo, aliita haraka haraka kama mtu anayeuza nyanya. Watoto wa kiume wakapita, mabinti wakapita, wakwe, wajukuu arobaini na kitu. Everlyne alizungusha pete, akabonyeza, akamwomba Mungu, akazungusha tena.

Mwisho akaitwa mjane. Kukhu Nasimiyu, bibi wa wale wajukuu, alikuja polepole, miwani yake minene ameivua kwa sababu ya machozi, ameishika mkononi. Kabla ya kusimama kando ya jeneza alimwendea Everlyne. Akasema ameishi na Jotham miaka sitini, na hajawahi kujua kamera humwonaje mtu. Alitaka kuchungulia mara moja tu. Wangila akakohoa kwenye maikrofoni. Everlyne hakuweza kumshikia bibi kamera na kuzungusha pete kwa wakati mmoja, kwa hiyo akarudisha swichi kwa A, akaielekeza kwenye uso wa Jotham, akambonyezea kitufe nusu mpaka ikalia pii.

Kukhu akaweka jicho. Kisha akasema taratibu, "Mpaka ndevu. Hawakumnyoa vizuri hapa chini ya kidevu."

Everlyne alidhani mama wa watu anajifariji. Asubuhi hiyo, bila miwani, Kukhu alikuwa ameisalimia nguzo ya hema akidhani ni mchungaji. Everlyne akamuuliza anaonaje bila miwani.

"Si nakwambia ndevu? Na huku chini kuna namba. Mia moja ishirini na tano. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, usifikiri."

Everlyne akachungulia. Ukungu. Namba zenyewe zilionekana kama viwavi vya kijani. Akabaki ameinama pale, jicho moja limefumbwa, akiwaza kwa uchovu. Namba haziko kwenye lenzi. Namba ziko ndani ya kamera, kwa hiyo lenzi haina kosa. Halafu, asiyeona mbali bila miwani ameziona, na yeye asiyevaa miwani ya mbali hazioni. Basi dirisha hili limekatwa kwa kipimo cha jicho la mtu mwingine. Jicho kama la Kukhu. Na miwani minene kama ya Kukhu, anayeivaa ni nani tena, kama si Matthew?

Kidole gumba chake kikapapasa kando ya dirisha la kamera. Palikuwa na kigurudumu kidogo, kama cha redio ya zamani, ambacho kwa miaka sita hakuwahi kukigusa wala kuambiwa kazi yake. Akakizungusha. Ukungu ukazidi. Akakirudisha upande wa pili, kidogo kidogo, viwavi vikaota miguu, na mia moja ishirini na tano ikasimama wima. Nyuma yake, kidevu cha Mzee Jotham, na ndevu.

Hakufurahi. Kisha akakumbuka zile alizokwisha kupiga. Akajifunika leso kichwani, akawasha kioo cha nyuma, akaikuza picha ya watoto wa kiume. Nyuso za uji. Ya mabinti, uji. Wajukuu, uji.

Angeweza kunyamaza. Picha zingesafishwa wiki ijayo, na wiki ijayo yeye hayuko kazini. Akamwendea Wangila, akamnong'oneza kwamba makundi yote yarudi. Wangila akasahau mkono wake umeshika maikrofoni.

"Ati zote?"

Hema tatu zikageuka. Everlyne akasema, ndiyo, zote, na kosa ni lake. Mkwe mmoja akauliza kwa sauti kama huyu mama alikuwa anapiga picha ama anapiga usingizi, watu wakacheka. Mchungaji akatazama saa. Kifungua mimba wa marehemu akasema waache tu, jua linaenda na ibada bado.

Kukhu Nasimiyu alivaa miwani yake, akamtazama mwanawe.

"Rudini kwa mstari. Jotham hana haraka. Ni nyinyi mko na njaa."

Wakarudi. Safari hii Everlyne aliiacha swichi kwa A, akaiacha kamera itafute yenyewe, na alichokiona kilikuwa watu: kitufe kilichokosekana kwenye shati la kitinda mimba, binti aliyeuma mdomo, mkwe mcheshi ambaye mbele ya jeneza hakuwa na mzaha tena. Aliwapiga mara mbili mbili. Alibana viwiko mbavuni.

Mchungaji alipoanza kuhubiri, Everlyne alikwenda nyuma ya hema na kikombe cha chai iliyopoa, akampigia Matthew simu. Akamuuliza kuhusu kigurudumu. Matthew akasema, kumbe hajui? Miwani yake ilikaliwa na mteja ikavunjika, miezi mitatu hivi iliyopita, akawa anazungusha ili aone bila miwani.

"Nilifikiri ukichukua unairudisha kwa jicho lako."

"Sikujua iko."

Matthew akapunguza sauti. "Pole, Mama Judy. Pole sana." Alikuwa wa kutukanwa, lakini Everlyne hakuwa na nguvu ya matusi. Halafu Matthew akauliza, kwa woga kidogo, kama ni kweli, alivyoambiwa na Judy, anamwachia kamera.

"Sikuachii. Lakini Jumatatu tunaenda kliniki ya macho. Wewe uchukue miwani, mimi nipimwe."

"Upimwe nini na wewe? Si umeona ni gurudumu?"

"Mamangu hakupimwa mapema," Everlyne akasema. "Mimi nitapimwa. Na wewe utakaa hapo kwa benchi mpaka nitoke."

Matthew akasema atakaa. Ndani ya hema wimbo ulianza, na Wangila akaita mpiga picha aje, mzee anabebwa.