Kachumbari ya Idi Pili

Kachumbari haihitaji moto, na ndiyo sababu Bi Mwanapili alimpa mke wa mwanawe kazi hiyo. Nyuma ya nyumba wanawake wa Kiuyu walikuwa wameyazunguka masufuria mawili ya pilau, wakicheka na kupishana kwenye moshi, na Bi Mwanapili hakutaka wamwone Mwanawema na jicho lile lililovimba. Basi akamkalisha jikoni kwa ndani, akamwekea ndoo ya vitunguu, beseni la nyanya, matango, maembe mabichi, pilipili mbuzi na ndimu, akaurudisha mlango. Kazi ya sikukuu nyepesi kuliko hiyo hakuna.

Jicho lilikuwa la Idi mosi. Nassor alimpiga mkewe ngumi kwa sababu ya chai iliyopoa, na ngumi za Nassor hazikuwa na sikukuu. Miaka mitatu ya ndoa ilikuwa imemgharimu Mwanawema jino, ubavu mmoja na mimba ya miezi minne. Mara tatu alikimbilia kwao Msuka, na mara tatu baba yake, Mzee Abdulsamad, alimrudisha kwa mkono wake, akamwambia ndoa ni subira. Mama mtu angalisema lake, lakini alikwishafariki. Mzee alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa twahara asiyetaniwa. Kanzu yake ikiguswa na mbwa njiani, huifua mara saba. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye hicho cha Nassor alikuwa akikisifu tu kwa mbali.

Leo alikuwa anakuja. Idi pili wazazi wa mke hula kwa mkwe wao, na Mwanawema alikwishaamua kwamba gari itakayomleta baba yake ndiyo itakayomwondoa yeye. Chini ya kitanda alikuwa ameficha begi dogo lenye nguo mbili na cheti chake cha kuzaliwa. Lililobaki ni kumwambia mzee, na mzee akubali.

Alianza na vitunguu, kwani kachumbari yote iko hapo. Ukivitia vivi hivi, vitawaliza wageni na kuwanuka midomoni mpaka Isha. Sharti uvikate vyembamba, uvimiminie chumvi, uvikamue kwa mkono mpaka vitoe ukali wao, uvisuuze, uvikamue tena. Nyanya huzitoa mbegu ili zisilete maji. Ndimu hungoja mwisho kabisa. Mwanawema alikuwa ameshavikata vyote na kuvitia chumvi, kisu bado mkononi, mlango ulipofunguliwa akaingia Nassor ameshika lile begi.

Alimuuliza safari ni ya wapi. Nassor akaurudisha mlango kwa kisigino, akampiga teke la kifua lililomwangusha juu ya beseni la nyanya. Kabla hajainuka, alimkamata nywele akamgonga uso sakafuni, mara moja, mara mbili, polepole, kama mtu anayepasua nazi na hataki maji yamwagike. Nje wanawake walikuwa wakiimba. Mwanawema alipiga kelele, na kelele zake zikaishia humo humo kwenye wimbo.

Kisha Nassor akakiona kisu. Akakiweka kwenye kiganja cha mkewe, akavifunga vidole vyake vinne juu ya makali, akavibana kwa mkono wake mpana, na kwa mkono wa pili akakivuta kisu kwa mpini. Kiganja kikapasuka kutoka kidole gumba hadi upande wa pili. Akamburura mpaka kwenye vitunguu, akautumbukiza mkono ule katika chumvi.

"Kamua," alimwambia.

Maumivu yale hayana jina. Mwanawema alijaribu kuutoa mkono, naye akamkandamiza kwa goti la shingo. Akakamua. Chumvi ikaingia kwenye nyama, macho yakaona Nassor wawili, miguu ikapiga sakafu bila ya yeye kuituma, na vitunguu vikaanza kugeuka rangi.

"Wageni wakitoka tu, n'takumaliza," Nassor alisema sikioni mwake. "Msuka utakwenda umebebwa."

Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi za namna hiyo, na Mwanawema alimjua. Wageni wangeondoka baada ya Alasiri. Hapo ilikuwa inakaribia Adhuhuri.

Bi Mwanapili aliingia mwanawe akitoka. Aliuona uso, akauona mkono, akaviona vitunguu. Mwanamke huyu hakuwa mjinga, na hilo ndilo linalokera zaidi. Alichana kipande cha kanga akakifunga kile kiganja, kisha akavisuuza vitunguu maji mawili, na bado vilikuwa na wekundu. Vitunguu vingine hamna, maduka yamefungwa, na gari ya kina Mzee Abdulsamad ilikuwa imeshasimama mbele ya nyumba. Bi Mwanapili akamimina nyanya juu yake, akakoroga kwa mkono, akakamulia ndimu kumi.

"Nyanya n'nyekundu, mwanangu," alisema. "Hayatojulikana hayo."

Miaka mitatu alikuwa akificha makubwa zaidi, na hajapata kuulizwa. Angeogopa nini beseni la kachumbari?

Mwanawema alifunikwa mtandio uso wote, likaachwa jicho moja zima, akatolewa kwenda kumwamkia baba yake ukumbini. Aliubusu mkono wake, na hapo alipoinama akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anataka kuondoka naye leo, na asipoondoka atauliwa. Mzee aliutazama ule mkono uliofungwa, akampa pole. Kisha akamwambia wasiharibu sikukuu ya watu, asimwaibishe mbele ya wakwe, na kwamba atakuja siku nyingine wazungumze na mumewe kwa utulivu. Akampigapiga bega, akaenda zake kunawa.

Siku nyingine. Mwanawema alirudi ndani akakaa na wanawake, mgongo ukutani. Walimuuliza mkono umefanya nini, na Bi Mwanapili akawahi kujibu kwamba umekatwa na mbuzi akikuna nazi. Wakasema pole, wakaendelea na sinia yao. Upande wa pili wa pazia wanaume walikuwa wamekaa mkekani. Mwanawema alimsikia baba yake akiisifu kachumbari, akiulizia kama imebaki nyingine, na akimwambia Nassor kwamba mtoto kamlea vizuri. Nassor alicheka. Kicheko kile ndicho kilichomwinua Mwanawema. Hofu ilikuwamo bado, tele, ila hasira ilikuwa imeipita kimo.

Alilifungua pazia akaingia kwa wanaume, kichwa wazi, mtandio begani. Jicho likaonekana, na shavu, na mdomo uliopasuka. Wanaume waliacha kutafuna.

"Baba, msile," alisema. "Mna damu kwenye kachumbari."

Mzee Abdulsamad alikuwa na tonge mdomoni. Akalitema kwenye kiganja. Akauliza damu ya nini, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za kuku aliyechinjwa vibaya. Mwanawema akakifungua kile kipande cha kanga na kumwonesha kiganja kilichokuwa wazi kama samaki aliyepasuliwa.

Mnajua mzee alifanya nini? Aliagiza maji. Alisukutua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akiwa amepiga magoti mlangoni, na mwanawe kasimama pale anatona damu juu ya mkeka. Kisha akamgeukia Nassor kwa ghadhabu.

"Umenilisha najisi, Nassor. Siku ya Idi."

"Miaka mitatu mwaila, baba," Mwanawema alisema. "Leo ndo mwaiona."

Nassor ndiye aliyejibu, kwa njia anayoijua. Aliirukia sinia, pilau ikatapakaa, akatoka mlango wa nyuma na kurudi na mwiko mkubwa wa sufuria, mti mzito wenye urefu wa mkono mzima. Pigo la kwanza lilimpata Mwanawema kwenye mbavu, nao ubavu ule ule wa zamani ukalia. Akaanguka. Wanaume wanne walikuwa wamesimama karibu, na kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aanze. Nassor akauinua mwiko juu ya kichwa cha mkewe.

Miguu ya Mzee Abdulsamad ilikwenda kabla ya akili yake. Alijitia katikati mikono mitupu, na mwiko ukamshukia baina ya shingo na bega. Mfupa wa mtulinga ukavunjika kwa mlio waliousikia hata wanawake. Mzee akaenda chini, juu ya wali na nyanya, akilia bila ya aibu kama alivyolia mara ya mwisho utotoni. Hapo ndipo wale wanne wakapata mikono yao, wakamlalia Nassor na kumnyang'anya mwiko.

Mzee alikuwa anahema. Alijaribu kuunyanyua mkono, ukakataa. Akamtazama mwanawe aliyelala hatua moja tu kutoka kwake, akauangalia uso wake kwa muda, jicho, jino lisilokuwepo, kama mtu anayesoma ukurasa aliokuwa akiuruka kila siku.

"Ndo hivi?" aliuliza.

"Hivi kapiga mbele za watu," Mwanawema alimjibu. "Tukiwa wawili, hupiga zaidi."

Mzee alifumba macho. Kisha alimwomba mwanawe amsamehe, mbele ya wote waliokuwepo. Nassor alikuwa akitukana kutoka chini ya watu wanne, akiapa kwamba atawafuata Msuka. Mwanawema aliinuka kwa kushika ukuta. Msamaha hakuutoa, wala hakuukataa. Alimpa baba yake ule mkono mzima, akamwambia asimame, gari iko nje, na wale wanne hawatamshikilia Nassor siku nzima.