Namba Mia Nne Kumi na Mbili

Hadi saa nne asubuhi ya siku ya uchaguzi, Norris Entwistle alikuwa ameshaambiwa asante mara mbili, na mara zote mbili na mashine: ile ya kulipia maziwa dukani na ile ya kurudishia vitabu maktaba. Mjini Accrington hilo si jambo la kusimulia. Zahanatini mgonjwa hujiandikisha kwenye kioo cha kugusa, benki imebaki tundu la ukutani, na mita ya umeme jikoni kwake huwaka taa nyekundu kila akichemsha chai, kama mama mkwe aliyekuja kukagua matumizi. Mtu anaweza kumaliza wiki nzima bila kufungua kinywa, na Norris alikuwa akizimaliza wiki za namna hiyo tangu mkewe aondoke, miaka kumi na mmoja nyuma, kwenda kuishi na muuza mazulia.

Ndiyo maana aliipenda siku ya uchaguzi kuliko Krismasi. Alivaa ua la kitambaa chekundu kifuani, rangi ya chama chake, akaketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa ukumbi wa kanisa, na kila aliyetoka kupiga kura alimwuliza namba yake ya daftari, ili chama kijue nani bado na afuatwe nyumbani jioni. Kwenye kiti cha pili, na ua lake la buluu la chama pinzani, huketi Thelma.

Kwa miaka tisa walikuwa wakiketi hivyo, siku moja kwa mwaka, wakila biskuti za tangawizi kutoka kopo moja na kutukanana kwa adabu. Mwaka wa tatu Thelma alimwonyesha mchezo kwenye simu: ramani ya nchi, miji, na reli za kujenga. Kila mmoja huweka kipande kimoja kwa siku, na mshindi ni yule anayemzibia mwenzake njia. Tangu siku hiyo Norris alikuwa akiamka kila asubuhi kutazama Thelma kaweka nini. Hawakuandikiana zaidi ya "Vizuri" na "Umenipata." Jina lake la ukoo hakulijua, wala mtaa wake. Huku kwetu mtu atakusimulia nyongo yake ilivyotolewa, mshono kwa mshono, lakini kumwuliza anakaa wapi ni kumvamia. Upuuzi mtupu, lakini ndivyo tulivyolelewa.

Sasa zilikuwa zimepita siku kumi na nne bila Thelma kuweka reli. Sheria ya mchezo haina huruma: zikitimia siku kumi na nne, saa mbili usiku wa siku hiyo mchezo hujifunga na kufutika, pamoja na jina la mwenzako. Norris alijifariji kwamba leo watakutana mlangoni, atamtania, mambo yatarudi kama kawaida. Alinunua biskuti.

Kiti cha Thelma kilikaliwa na bwana mmoja aliyevaa koti la mvua na hakuna mvua.

"Thelma yuko wapi?" Norris aliuliza.

"Nani?"

"Anayekaa hapo kila mwaka."

"Mimi nimeletewa ujumbe tu kwamba nikae hapa mpaka saa moja," alisema yule bwana, akarudi kwenye simu yake. Biskuti alikataa. Ngano inamsumbua.

Siku ikawa ndefu. Mwaka huu chama kilikuwa kimeachana na karatasi, Norris alipewa programu ya simu, ukiingiza namba ya mpiga kura jina na anwani vinatokea, unabonyeza "amepiga." Alijua namba ya Thelma vizuri sana. Kila mwaka, kabla ya kukaa, Thelma aliingia kupiga kura kisha akamtajia kwa madaha: "Mia nne kumi na mbili, bwana mkubwa, na wala kura hii si yako." Saa kumi na mbili jioni ilipogonga, namba hiyo ilikuwa haijatajwa. Norris alijua kwamba daftari ni la kazi ya uchaguzi, si la kutafutia watu. Aliiweka simu mfukoni mara mbili. Mara ya tatu akaingiza zile tarakimu.

Thelma Ormerod. Mtaa wa Plantation, namba tisa. Chini yake kwa kijivu: Mpinzani. Asigongewe mlango.

Mtaa wa Plantation uko nyuma ya mtaa wake. Kutoka dirisha la chooni kwake anayaona mabomba ya moshi ya nyumba za mtaa huo. Miaka tisa. Norris akainuka, kisha akampigia Shazia aliyesimamia kampeni.

"Natoka kidogo. Kuna mmoja hajapiga kura."

"Nani huyo, Anko Norris?"

"Mia nne kumi na mbili."

Vidole vyake vilisikika vikigonga kioo. "Anko, huyo ni wa buluu! Mwaka jana tulishinda kwa kura kumi na moja, na wewe unataka kuwaletea wapiga kura wao?"

"Ni raia, Shazia. Ana haki ya kukumbushwa."

"Na wale raia wengine mia tatu ambao hawajaja, wako wapi? Anko, kaa kwenye kiti!"

Hakukaa. Ukweli ni kwamba katika miaka sitini na minane hakuwahi kujua namna ya kugonga mlango wa mtu kwa sababu tu amemkumbuka. Kura ilimpa kisingizio, akakikumbatia.

Nje ya namba tisa palisimamishwa ubao: Nyumba Imeuzwa. Aligonga. Hatua zilichukua muda, zikipapasa.

"Kama ni mambo ya umeme, nimeshabadilisha kampuni," ilisema sauti ndani.

"Ni mimi. Wa kiti chekundu."

Mlango ulifunguliwa. Thelma alimtazama, lakini si usoni. Alitazama karibu na sikio lake. "Norris," alisema. "Ingia, usimkanyage paka. Au mkanyage tu, mimi nimeshamkanyaga mara nne leo."

Macho yake yalikuwa yameharibika katikati, alieleza, huku akitafuta vikombe kwa vidole. Pembeni anaona kidogo. Anapoangalia kitu hasa, kinatoweka. Simu imekuwa kipande cha kioo cha bure. Keshokutwa binti yake anakuja kumchukua, ahamie kwake Plymouth.

"Ungeniambia," Norris alisema.

"Kwa njia gani? Nipige kelele dirishani?"

Thelma hakujua kwamba kama angepiga kelele, Norris angesikia. Na Norris hakumwambia. Badala yake alisema, "Hujapiga kura."

Thelma akacheka mpaka akashika meza. "Umekuja kunipeleka nikupige chini?"

"Chukua kadi yako ya basi, wanataka kitambulisho chenye picha."

Walikwenda wameshikana mkono, jambo ambalo mchana wa kawaida lisingewezekana. Mlangoni Norris alilitoa ua lake jekundu akalitia mfukoni. Msimamizi wa kituo alimsainisha kwamba atampigia Thelma kura, na ataweka alama pale tu Thelma atakapomwelekeza. Ndani ya kibanda Thelma alinong'ona jina. Penseli ilifungwa kwa uzi, karatasi ilikuwa na majina matatu, na hakuna mwingine aliyekuwa akitazama. Norris aliwahi kugombana na ndugu yake wa damu kwa ajili ya chama chake chekundu. Aliweka alama kwa mtu wa buluu, mistari miwili iliyonyooka na kukatana.

"Tayari?" Thelma aliuliza.

"Tayari. Kwa yule mwenye uso wa mtu aliyekalia msumari."

"Asante," alisema Thelma.

Njiani kurudi, saa mbili ikikaribia na mwanga ungalipo juu ya paa, Thelma alisimama. "Bado hujaziba Hellifield kwenye ramani?"

"Bado."

"Basi niwekee. Hellifield mpaka Lancaster. Nimekaa nayo kichwani wiki mbili."

Thelma alimpa simu yake, Norris akakibonyeza kipande hicho yeye mwenyewe. Reli zake zote za kaskazini zikakatika. Kioo kiliandika: Thelma ameshinda. Mchezo umekwisha.

"Una simu ya mezani?" Thelma aliuliza.

Norris alikuwa ametandaza nyaya za simu katika nusu ya mji ule kwa miaka thelathini na mitano. "Ninayo," alisema. "Hunipigia matapeli tu." Akamtajia namba, tarakimu moja moja.

Ijumaa, kesho yake, chama chake kilishindwa kwa kura tatu. Shazia hakupiga simu, na hilo lilimuuma kuliko kama angepiga. Jumamosi alisimama chooni akaona gari la binti likitoka Mtaa wa Plantation, kisha akaendelea kusimama. Jumapili hakusema neno na mtu. Jumatatu, saa tatu asubuhi, simu ya mezani ililia, akaiacha ilie mara nne kwa sababu hakuamini.

"Exeter mpaka Taunton," ilisema sauti, bila salamu. "Na usiibe, siioni ramani."

Alichora kipande hicho nyuma ya kipeperushi cha mgombea wake. Alijibu kwa Crewe. Wakacheka kidogo, Thelma akaaga, laini ikakatika. Norris alibaki ameshika mkono wa simu sikioni, akisikiliza ule mlio mrefu, mpaka chai ikapoa. Kesho ndiyo zamu nyingine.